Ukanda Usiopigwa Zege

Dabaga, Oktoba. Ukungu umechelewa kuinuka.
Nimekuja kwa Leokadia Kihwele
na mwiko, pimamaji, kamba ya kunyooshea,
mifuko kumi na minne ya saruji.
Anamwoza binti Jumamosi ijayo,
hataki wakwe wa Mufindi wakanyage vumbi.

Nilipopiga magoti kufunga kamba
nikaona vishimo. Kimoja, saba, nikaacha kuhesabu.
Kila kimoja na kifusi chake cha udongo mbichi,
laini kama unga uliochekechwa mara mbili,
na mlangoni uso mdogo
unanichungulia, unarudi nyuma.

"Siafu hao," alisema Odilo, kibarua wangu, akashika jembe.
Nikamwambia ngoja.
Siafu habebi unga wa njano mapajani.

Nyuki niliowazoea ni wa mzinga:
gogo la baba juu ya mkusu, moshi, makelele,
malkia mmoja na maelfu wanaomhudumia.
Na wale wadogo wasiouma, waliohamia
kwenye ufa wa ukuta wa zahanati
wakachomoza bomba la nta, jembamba kama filimbi.
Na yule mweusi mnene, fundi mwenzangu,
anayetoboa kenchi za kanisa bila kupewa kazi,
unga wa mbao ukimwangukia katekista kitabuni.
Na kule kwenye mianzi ya ulanzi,
ndani ya visiki vilivyokauka, yupo anayekata
majani ya waridi, duara kamili, hana bikari,
anawatandikia wanawe chumba baada ya chumba.

Lakini hawa!
Hawana malkia, hawana mlinzi.
Kila mama na mlango wake, ufunguo ni yeye.
Anachimba kwa taya, anaweka tonge la chavua,
juu yake yai. Anafukia.
Mtoto atakayetoka hatamjua.
Ni majirani, si ukoo.
Waliosema fuata nyuki ule asali
hawakuwafuata hawa; wangekula udongo.

Na wameuchagua uwanja huu kwa sababu Leokadia
ameufagia miaka thelathini, kila alfajiri,
ukawa mtupu, mgumu, unaopata jua mapema.
Ufagio wake ndio uliowaita.
Hilo sikumwambia.

Mimi nimejenga nyumba arobaini na moja.
Ninalala chumba cha kupanga, nyuma ya mashine ya kusaga,
na tarehe mosi mwenye nyumba hagongi mara mbili.

Mchana tulimwaga zege. Nikaisogeza kamba.
Jioni Leokadia akatoka na kikombe cha chai,
akautazama ukanda ule wa udongo kando ya ukuta.
"Fundi, na hapa?"
"Saruji imepungua, mama."
Odilo akainamisha kichwa. Alikuwa amekalia
mfuko wa kumi na nne, haujafunguliwa.

Akapuliza chai.
"Basi hapo nitapanda maua."
"Usipande," nikasema, haraka mno.
"Fagia tu."