Pasi Kumi na Nne

Jumamosi Mama anatimiza themanini, na mimi na Livio
tumegombana wiki nzima juu ya kitanda.
Usiku mmoja tu. Pesa tumechanga, zimo kwenye bahasha
nyuma ya kopo la kahawa, mahali ambapo Mama anajua zilipo
na anajifanya hajui.

Livio anataka ile hoteli kubwa inayotazama gati,
yenye nguzo, na wapagazi wa vifungo vya shaba,
na ngazi ya marumaru ambayo, wanasema, malkia fulani
alijikwaa juu yake akacheka.
Miaka thelathini na mmoja Mama alipiga pasi mle,
chini kabisa, kwenye mabomba yanayotoka jasho.
Mashuka. Foronya. Vitambaa vya meza. Mashuka tena.
"Alale juu yake mara moja," anasema Livio,
"kabla hajalala moja kwa moja."
Ndivyo alivyo kaka yangu, mdomo hauna kitasa.

Mimi nataka ile ndogo ya mtaa wa Cavana,
vyumba tisa, kila kimoja na msanii wake.
Kimoja ni buluu tupu, toka dari hadi zulia.
Kingine viti vimepigiliwa ukutani
kana kwamba wageni wamepaa wakaviacha.
Mle hakuna aliyewahi kumwamrisha Mama kitu.
Hiyo ndiyo hoja yangu. Sina nyingine.

Alhamisi tukamshika huku na huku, akaone mwenyewe.
Upepo wa Trieste unaitwa bora,
nani aliupa jina hilo sijui,
maana ulimvua Livio kofia ukaitupa baharini
na sisi watatu tukawa tunatembea kama meza yenye miguu sita.

Kwenye hoteli kubwa Mama alipita mlango wa mbele
bila kuugeukia. Akakunja kona, akaingia kichochoro,
akanyoosha mkono kushika kitasa.
Palikuwa na ukuta. Matofali mapya, na pipa la taka.
Nyumba njema si mlango, husemwa;
yeye aliijua nyumba yote, mlango ndio hakuujua.
Tulipomrudisha mbele hakuitazama ile taa ya vioo mia.
Aliinama, akashika pindo la kitambaa cha meza,
akalisugua kwa kidole gumba.
"Mashine," akasema,
kama mtu anavyotaja ugonjwa uliomuua jirani.

Kule Cavana alitupokea Jasna, mikono ina rangi hadi kiwikoni.
Akatufungulia chumba namba sita.
Darini, kwa uzi wa kuvulia usiokuwa ukionekana,
zilining'inia pasi za chuma kumi na nne,
pua mbele, zote zinaelekea dirishani.
"Ndege," alieleza Jasna. "Nilizinunua mnadani,
walipofunga kufulia kule gatini. Kazi yenyewe haina jina."

Mama alisimama chini yake kwa muda mrefu.
"Ile ina ufa mpinini. Ilikuwa ikimuunguza Fulvia.
Ile ya Zora. Ile ya Bruna wa kwanza, ile ya Bruna mwingine."
Akaendelea mpaka ya mwisho, iliyo karibu na pazia,
na hapo akanyamaza, kwa hiyo tukajua ilikuwa ya nani.
Nimejaribu kuyakumbuka yale majina. Nafika tisa.

"Chumba kizuri," akamwambia Jasna, "lakini silali
chini ya pasi, hata zikiwa ndege."
Basi Livio alishinda, na hakufurahi.

Jumapili asubuhi tulimfuata ghorofa ya nne.
Kitanda kilikuwa kimetandikwa, pembe zimekunjwa
kama bahasha ambayo haijafunguliwa.
"Ulilala, Mama?"
"Kitanda kizuri," akasema, akachukua mkoba.

Lifti ilikuwepo. Aliikataa.
Alishuka kwa ile ngazi ya marumaru, kipande kwa kipande,
mkono kwenye reli, bila haraka yoyote,
na mpagazi wa vifungo vya shaba akasimama chini
ameushika mlango wazi, bora ikimpiga mgongoni,
akimngoja.