Kutafuta Wifi

Kompyuta ya stesheni nimeileta kwa bajaji
kutoka dukani hadi Barabara ya Kumi na Sita,
skrini nimeipakata kama mwali.
Haina jicho. Jicho litatoka kwenye simu yangu,
ambayo kioo kimepasuka tangu Ramadhani iliyopita
lakini kamera yake ya nyuma
haina habari na ajali ile.

Mama mkwe hasikii. Hajapata kusikia.
Anaona, na siku hizi kwa shida: mtoto wa jicho
kamtandia ukungu, na mikono ya bintiye
kwenye kijikioo cha simu
ni vidudu viwili vinapigana.
Anataka skrini kubwa. Anataka vidole vihesabike.

Bintiye ni Saumu, yuko Mpanda, anafundisha hesabu.
Kwangu mimi Saumu ni wifi.
Basi cheka ukitaka: usiku wa leo
natafuta wifi ili nimpate wifi.

Simu inasema: tayari, naingoja kompyuta.
Kompyuta inasema: hakuna kamera iliyoonekana.
Zimekaa meza moja, kitambaa kimoja cha kufuma,
hata dhiraa haifiki kati yao,
na hazijuani.

Nimezima, nimewasha.
Nimeandika ile anwani ya tarakimu na nukta,
nikaruka nukta, nikaandika tena.
Nimemwachisha kazi mlinzi wa kompyuta,
bawabu anayefukuza hata mwenye nyumba.
Picha ikaja! Kichwa chini.
Mama mkwe kama popo.
Nikaipindua simu ndani ya kopo la mchele,
ikakaa sawa, ikatulia dakika moja, ikasinzia:
eti inabana chaji.
Nikaikataza kulala.
Ikaamka, ikaganda.

"Wifi," sauti ya Saumu kwenye spika, "mama kagandia shingoni."

Shingoni, kwa mikono ya nyumba hii,
ni kiu,
ama ni marehemu baba, aliyefunga kifungo cha juu
hata jua la Machi likiwaka Ngamiani nzima.
"Kiu au baba? Wifi! Kiu au baba?"

Sijui. Nilikuwa natazama mipangilio.
Saa nzima nimemtazama mama kwenye kioo
na yeye mwenyewe yuko hapa, goti lake linagusa goti langu,
anaendelea kusema,
hajui kwamba Mpanda wanaona sanamu.

Nikageuka.

Shingo tena: baba.
Kisha kidole kwangu.
Kisha vidole vitatu vikazungusha hewa, polepole,
kama mtu anayekaza skrubu ndogo ya redio.
Miaka minne nimeolewa hapa,
miaka minne najifunza chumvi, kesho, mgeni, inauma,
na ishara ile sijapata kufundishwa.
Mzee alikuwa fundi redio. Sikumkuta.

"Anasema nini?"
"Subiri kwanza," nikasema, "natengeneza."

Na hapo ndipo nikaona, pembeni juu, kwa maandishi madogo:
simu haiko kwetu. Iko kwa Shekalaghe, nyumba ya pili,
kwa nywila niliyopewa siku ya Idi kwa dakika tano.
Kila mtandao wetu ukiyumba, simu inaruka ua
kama kuku asiyejua alikolala jana.
Nikausahaulisha mtandao wa jirani.
Nikairudisha nyumbani.
Kompyuta ikaona kamera
bila hata kuomba radhi.

Mama alikwisha kumaliza. Mikono mapajani.
"Arudie," akasema Saumu.
Nikamgusa bega, nikamwomba arudie,
nami uso nimeuficha kwenye waya za kompyuta
kana kwamba bado kuna kazi.

Akarudia, kwa ufupi,
kama muuzaji aliyeulizwa bei mara ya pili:
shingo, mimi, skrubu.
Saumu akacheka mpaka spika ikakwaruza.
Mama hakusikia. Aliyaona meno,
makubwa, yote, kwenye skrini ya stesheni,
akaanza kuyahesabu kwa kidole.