Njiti ya Kiberiti

Jumapili, Himbi, jua limeshapanda,
na shangazi Kyakimwa hataki tuteremke bado.
Anachuchumaa penye kibonde cha mawe meusi,
anawasha njiti, anaishusha polepole
kama anayemlisha kuku mgonjwa.
Inazimika.
Hakuna upepo. Imezimika tu.

"Mazuku yamelala humu. Twende juu kidogo."
Na sisi, na taulo zetu, na ndizi za kuchoma,
tunampita mjusi aliyelala chali.

Pale juu njiti inawaka hadi kwenye kucha zake.
Basi.

Mumbere anafungwa bidoni tupu mgongoni,
kamba mara mbili, fundo la mzigo wa chukudu.
Maji ya Kivu yanaanza kwa baridi ya visigino,
halafu yanakupokea kama mtu wa nyumbani.
Mawe ya volkano yanauma nyayo, tunacheka, tunaruka,
hadi kiunoni, si zaidi:
baada ya hapo ziwa halina ngazi.

Yeye haogi. Amekaa na viatu vyetu mapajani,
anatuhesabu, midomo ikicheza,
sita, sita, sita,
na mwaka ule tulipokuwa saba
hautaji.