Alama za Makaa

Kila Noeli, kule Katuba, baba alituegemeza ukutani,
visigino kwenye saruji,
akachora kwa kaa la jiko: Monga, kisha mimi.
Nilirefuka kwa kasi kuliko yeye. Mama akasema, huyu atakufikia.
Nikamfikia. Ulikuwa mwaka alioacha kukua.

Leo, Kasapa, naandika ubaoni:
mwenye mia hukua asilimia mbili,
mwenye nne hukua asilimia tano.
Nani ana mbio? Wa nne! Darasa zima.
Na pengo?
Kapya, dirishani, anahesabu kwa vidole.
"Limepanuka, mwalimu."

Kwa mwendo huo, nawaambia, tutawafikia bado:
miaka mia na kumi na moja, tukishikilia.
Anaandika. Neno "tukishikilia" analizungushia duara.

Nje, malori ya shaba yanaelekea Kasumbalesa,
turubai zimekazwa. Siulizi yanamrefusha nani.

Jioni, unga: meka mbili, mwezi jana tatu.
Muuzaji anausawazisha kwa kiganja,
kisha anatupia konzi ya matabishi.
Konzi hiyo sina safu ya kuiandikia.

Ukuta wa Katuba umepakwa chokaa mara nne.
Makaa bado yanatokeza.