Si Iliyoshuka Kidogo

Tarmo alileta nyumbani kisanduku cha bati,
ukubwa wa mikate miwili iliyobebana.
"Humu," akasema, "tutaweka kila kitu."
Kila kitu: picha elfu ishirini na tatu,
risiti za kodi, ramani ya kisima,
barua za benki iliyokwisha kufa,
na kaseti moja.

Ilikuwa Januari, Kajaani,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na nyumba ya mbao ikibanwa na baridi ya namna ile,
kijiko kikigusa sahani jikoni
unakisikia darini.

Nami kazi yangu ni masikio.
Mwaka wa thelathini na moja huu napatanisha nyuzi za piano:
za shule, za makanisa,
ya daktari wa meno asiyejua kuicheza.
Basi alipoiwasha seva yake mara ya kwanza,
feni ikavuma kama kikausha nywele,
sikusema neno.
Niliinua tu uso kutoka kitabuni.
Ndoa ikikomaa, uso ulioinuliwa ni hotuba.

Akaing'oa feni.
Akafunga pande la aluminiamu lenye mbavu,
joto lijiondokee lenyewe, bila mpepeaji.
Siku ya tatu akaja na bisibisi sikioni, kama fundi wa kweli.
"Na sasa?"
"Diski zako zinaimba."
"Zinaimba nini?"
"Si."
"Si nini?"
"Nota ya Si. Tena imeshuka kidogo."
"Kidogo kiasi gani?"
"Kiasi cha kuninyima usingizi."

Hakubisha. Alifungua droo yangu ya kushonea
akachukua lastiki niliyomnunulia mjukuu,
ya kiuno cha suruali,
akaikata vipande vinane,
akazitundika diski ndani ya kisanduku, zisiguse bati,
kama popo wawili mchana.
Akaipeleka stoo, rafu ya chini,
nyuma ya chupa za jamu.

Kimya.

Nikalala. Yeye ndiye asiyelala.
Saa nane usiku nikamsikia na soksi zake,
anakwenda kuitazama ile taa ya kijani
kama iko hai.
Tulikuwa hivyo hivyo na Aliisa, miezi yake ya kwanza:
akilia tunalalamika,
akinyamaza tunakimbia.

Kaseti aliiacha mwisho.
Ya mama yake. Jina lake Hilja,
na katika lugha yetu jina hilo ni kimya;
waliompa hawakujua wanampa nani.
Jioni alisimama ukingoni mwa ziwa akaita ng'ombe,
na sauti ikavuka maji, ikagonga msitu wa ng'ambo,
ikarudi na ng'ombe wote kumi na mmoja.
Kaka yake alimrekodi mara moja tu, kiangazi,
dakika nne na sekunde kumi.

Tarmo akaunga waya, akabonyeza.
Nyumba nzima ikajaa.
Glasi kabatini zikatetema.
Miezi miwili anawinda kila mlio,
leo anauachia huu uzunguke vyumbani apendavyo,
mkono wake juu ya bati, bado ameshika bisibisi.

Kwa mazoea nilitafuta nota.
Ule mwito wa mwisho, mrefu,
ulitua kwenye Si.
Ulishuka kidogo.
"Vipi?" akauliza, bila kunitazama.
"Sawasawa," nikasema.

Kaseti haikuishia hapo.
Kengele za shingoni. Mbwa.
Mwanamume anauliza, "Imezimwa?"
Na Hilja anajibu, "Bado,"
kwa sauti yake ya siku zote,
ndogo mno, hata sote wawili
tukaisogelea spika.