Sifuri ya Ziada

Nilikuwa na homa, Jumanne moja ya Januari,
kidole kikakawia juu ya kitufe.
Mabamba arobaini ya plastiki angavu
yakawa mia nne.

Lori liliposhusha mzigo, bwana Armindo
alinitazama kama mtu atazamaye jino lake mkononi.
"Idalina, tutayala haya?"
Msambazaji alikataa kurudishiwa.
Tukayapanga ukutani, chooni, nyuma ya gari lake,
jua la Marinha Grande likipita ndani yake
bila kununua hata moja.

Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, Lurdes Bragança
alishona masanduku ya safari.
Huyo alijua kazi. Ngozi aliinusa kabla ya kuilipia.
Hakudaiwa na benki, akiba anayo ya miezi sita,
wateja katika nchi nane, asimtegemee hata mmoja.
Usipoziba ufa, utajenga ukuta:
yeye aliziba kila ufa, hadi ule wa panya.

Machi, viwanja vya ndege vikanyamaza.
Nani anunue sanduku la kwendea jikoni?

Na kwetu simu ikaanza kulia kabla ya kupambazuka:
mfamasia wa Leiria, mwoka mikate wa Pombal,
benki, kinyozi, padri na kitubio chake,
kila mtu akitaka ukuta unaoona upande wa pili
kati ya pumzi yake na pumzi ya mwenzake.
Mia nne yakaisha kwa siku tisa.
Tukaagiza elfu nne.
Sifuri hiyo niliiandika nikiwa mzima.

Lurdes alifunga Oktoba. Alimlipa kila fundi hadi senti ya mwisho,
akaja kuniaga, akaniachia sanduku dogo la bluu,
zipu yake ikiteleza kama siagi.
Hakuuliza tumefanyaje. Afadhali angeuliza.

Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara
kikamvika Armindo nishani.
Chanda chema huvikwa pete, husema watu;
mimi niliona pete ikipapasa gizani
ikitafuta chanda chochote.
Jukwaani alieleza, koo limejaa divai na imani,
jinsi alivyosoma dalili za nyakati,
alivyothubutu wenzake walipolala.
Vijana wa chuo waliandika. Mmoja alipigia mstari neno "maono".

Sikumkasirikia. Aliamini kweli,
na mshahara wangu ulitoka kwenye imani hiyo;
tena alifanya kazi, usiku na mchana, mikono ikichubuka.
Lakini Lurdes naye alichubuka.

Ile karatasi ya oda ninayo bado,
nimeikunja ndani ya sanduku la bluu, juu ya kabati.
Kuna siku naifungua, naitazama sifuri ya mwisho,
ya duara, tupu,
kama mdomo wa mtu aliyetaka kusema jambo
akaombwa asubiri, hotuba haijaisha.