Tui la Pili

Twaha alikuja na kitabu kisicho na maneno,
vipande vya vitambaa tu, vimetungwa kwenye pete,
kila kimoja upana wa kiganja.
Akakifungua kitandani kwa baba
halafu akaanza kuzungumza na mimi, mwenye macho.

"Hiki, dada, ni giza tupu, jua la saa sita halipiti.
Hiki ni chekeche: wewe waona nje, wa nje hawakuoni."
"Na usiku?"
Akakohoa. "Usiku ukiwasha taa, mambo hugeuka."

Dirisha letu na la kina Bi Mwanarafa
mikono miwili, na uchochoro chini.
Tunajua wanakaanga nini. Wanajua tunagombania nini.

Pazia la mama bado lilikuwa limening'inia,
pamba nzito yenye maua,
upande wa ukuta limeota vidoa vyeusi
kama ndizi iliyosahauliwa kabatini.
Kila masika nalifua, kila masika linarudi na harufu yake.
Baba alikataa lishushwe, mwaka wa sita huu.
Sasa daktari wa macho amesema: chumba kikavu,
mwanga wa kupunguza na kuongeza,
na vumbi la pazia lile, hapana.

Kwa hiyo baba akanyosha mkono.
Miaka arobaini ameshona kanzu pale Langoni,
na mato yake, kama anavyoyaita, yalikuwa yamejaa ukungu,
lakini kidole gumba hakijaota mtoto wa jicho.
Akasugua kitambaa cha giza. Akakinusa.
Akakiweka mdomoni, akapuliza.
"Nguo hini haipumui," akasema, akakitupa miguuni.
Chekeche akakipuliza mara mbili,
kiganja upande wa pili kikipokea pumzi.
Hakusema kitu. Hakukirudisha.

"Na bomba lake la ndani?"
"Chuma, mzee."
"Chuma!" Akacheka mpaka akakohoa.
"Mwanajaa, mpeleke akaone bawaba."
Bawaba za dirisha zilikuwa zikimwaga unga mwekundu kizingitini.
Chumvi ya Lamu haina haya, haimwogopi mgeni.
"Alumini basi," Twaha akasema,
na bei ikapanda ngazi bila viatu.

Ikabaki rangi.
"Nyeupe," nikasema, "ili joto lirudi lilikotoka."
"Nyeupe ipi?"
Utamjibu nini mtu aliyeshona nyeupe za Idi, nyeupe za harusi,
na ile nyingine, ambayo haina mfuko?
"Kama tui."
"La kwanza au la pili?"
Nikatazama kipande kwa muda.
"La pili."
"Haya," akasema, na akalala.

Mwezi baadaye bomba likaja kwa boti kutoka Mokowe,
likapanda punda, na kwenye kona ya pili
punda akapita, bomba likakataa.
Vijana wakalibeba wima, kama nguzo inayohama mtaa.

Baba alikuwa Mombasa kwa upasuaji.
Nikashusha pazia la mama peke yangu.
Nikakata ua moja, lile lisilo na doa, nikalitia kwenye msahafu wake.

Asubuhi alipobanduliwa kiraka, alikuwa kitandani kwake.
Upepo ulikuwa ukipita kwenye nguo mpya,
ukiivuta ndani kidogo, ukiiachia.
Ng'ambo, Bi Mwanarafa alikuwa akichuja chai,
kivuli tu, na mlio wa kijiko.
Nikangoja aseme neno.
Baba akatazama dirisha. Akatazama sakafuni,
penye mstari mwembamba wa jua
kutoka ukingo wa kushoto hadi mguu wa kitanda.

"Umepima vibaya," akasema. "Nusu inchi."

Twaha akatoa rula yake ya chuma. Nusu inchi kamili.

Futi niliyopimia ilikuwa mfukoni mwangu,
ile yake ya kushonea, ya kitambaa,
iliyovutwa vifua vya wanaume wa mji huu mpaka ikarefuka.
Kwenye kanzu haikumwaibisha:
aliyempima kwayo, alimkatia kwayo.

"Nimepima vibaya, baba," nikasema.
Twaha akauliza kama akaikate nyingine.
Baba alikuwa bado anautazama ule mstari,
ulikuwa umeshapanda kwenye shuka.